Penseli Nyuma ya Bamba

Watu walimwita Sikio, na jina likamkaa. Ukimletea gitaa la umeme uliloambiwa ni la zamani, halitazami kwanza. Hulilaza mezani, akaweka sikio kwenye mbao, akagonga mara mbili kwa kidole cha kati, akasubiri. Ndipo aseme, na akishasema usijisumbue kubishana naye. Matapeli wa magitaa walimchukia kuliko polisi, maana na polisi mtu huongea yakaisha. "Hili lina miaka mitatu," alimwambia mmoja wao aliyeapa kwamba gitaa ni la marehemu babu yake. "Pole sana. Kumbe msiba bado mbichi."

Kwa hiyo asubuhi ile binti yake alipoingia kibandani amekumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa shuka, Sikio hakuwa na wasiwasi wowote. Chai ya rangi ilikuwa bado inafuka kwenye birika, na mbele yake redio ya mteja ilikuwa imelala kifudifudi, matumbo nje.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeiba maiti?"

Binti hakucheka, na hilo peke yake lilikuwa habari, kwa sababu ni mtu wa kucheka. Alikuwa na miaka thelathini na minne, fundi simu mwenye kibanda chake mitaa miwili kutoka pale, na ufundi wake wote wa mkono alikuwa ameunyonya hapa hapa, kwenye kigoda karibu na miguu ya Sikio. Hakuwa mtoto wake wa kumzaa. Alimpokea ana miaka saba, siku alipomwoa mama yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema "baba wa kambo".

Akalaza kile kitu mezani, akafunua. "Nimelikuta kwa wale wa mitumba, chini ya maspika mabovu. Wanasema limeshuka na kontena. Nimekaa nalo siku mbili, Mama sijamwambia."

Sikio hakuhitaji kugonga. Kwenye gitaa lolote, kifungo cha mkanda wa begani hukaa kwenye pembe ya juu. Hili kifungo chake kilikuwa pembe ya chini, na ile ya juu ilikuwa na tundu lililozibwa kwa kijiti cha kiberiti. Rangi yake nyekundu ilikuwa imelika upande usiofaa, pale ambapo mkono wa mtu wa kawaida haufiki. Ni gitaa la mtu wa mkono wa kulia lililopigwa miaka mingi na mtu wa mkono wa kushoto, amelipindua. Na kile kijiti cha kiberiti alikipachika Sikio mwenyewe.

"Ni lake?" binti akauliza.

"Lake nani?"

"Baba, usinifanye mtoto."

Alikuwa ameshika picha, ile moja tu waliyokuwa nayo nyumbani. Shoto jukwaani, kichwa ameinamisha, gitaa jekundu limepinduka mikononi mwake. Shoto, mpiga solo, rafiki wa Sikio wa kula naye sahani moja, baba mzazi wa binti huyu na mume wa kwanza wa mama yake. Miaka thelathini ilikuwa imepita tangu lori la bendi liteleze darajani na kuingia mtoni na watu kumi na mmoja. Maiti saba zilipatikana. Shoto hakuwamo kati ya hizo saba.

"Kama ni bandia, au ni la mtu mwingine, basi, Mama asijue kabisa," binti alisema. "Lakini kama ni lake nataka kujua limetokaje mtoni. Gitaa haliogelei."

"Nenda kafungue kibanda chako. Rudi saa sita na nusu."

"Usiniambie ya kunifurahisha."

"Lini nimemwambia mtu ya kumfurahisha?"

Alipoondoka, Sikio alifunga nusu ya mlango na kuanza kazi kama siku zote, kwa mpangilio, ingawa moyo wake ulikuwa umeshafika mwisho wa kazi na kurudi. Alifungua shingo. Kwenye mkia wake, mahali ambapo rangi haifiki, mtu wa kiwandani alikuwa ameandika tarehe kwa penseli, mwaka wa sabini na mbili. Skrubu zote zilikuwa za mfuo mmoja, za zamani, hakuna hata moja yenye kichwa cha nyota. Nyufa za rangi zilikuwa nyembamba na zimekwenda zinakotaka zenyewe, si zile wanazolazimisha matapeli kwa barafu na moto. Karatasi ya kiwandani ndani ya tundu la shingo ilikuwa kavu, haijawahi kuvimba. Chuma hakikuwa na kutu ya maji.

Lile gitaa halikuwahi kuingia mtoni. Sikio aliketi, akanywa chai iliyokuwa imeshapoa, kisha akachukua bisibisi ndogo na kufungua lile bamba jeupe la plastiki linalofunika waya.

Hapa lazima nieleze. Enzi zile za bendi, Sikio alikuwa na sheria moja ambayo wanamuziki waliiona ya kichaa: anayefungua gitaa, aandike. Hata kama amekaza skrubu moja. Ageuze bamba, aandike mgongoni mwake kwa penseli tarehe na alichofanya, ili fundi atakayefuata asianze kupapasa gizani. Wengine walisahau, wengine walimdharau. Shoto hakusahau hata mara moja. Alikuwa mtu wa mizaha katika kila kitu ila hilo, na hata hilo alilitia mizaha.

Mwandiko wa kwanza ulikuwa wa Sikio mwenyewe, wa ujana wake, umenyooka kama wa karani. Juni 84, nyuzi, kusafisha. Chini yake ulifuata wa Shoto, kama kuku aliyeparua mchangani. Februari 88, soketi mpya, nimelehemu mwenyewe. Mei 90, nimekaza skrubu MOJA, mnaona nilivyo mtiifu.

Lori liliingia mtoni Agosti ya tisini na moja.

Na chini ya ile ya Mei 90 kulikuwa na mistari mingine. Mwandiko ule ule wa kuku. Machi 92, nyuzi mpya. Desemba 93, voliumu imekufa, nimeweka nyingine, lehemu imekaa vibaya, Sikio angenichapa.

Alisoma jina lake mara tatu. Mtu waliyemlilia, waliyemsomea dua bila mwili, ambaye mkewe alimvalia nguo za msiba, alikuwa ameketi mahali fulani chini ya jua hili hili na pasi ya lehemu mkononi, akimkumbuka mwalimu wake na kucheka. Alikuwa hai na mzima, na hakurudi. Kifo kinauma, lakini aliyekufa hakuchagua kukukimbia.

Sasa tuseme lile ambalo Sikio alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Baada ya ajali, mke wa Shoto alikaa miezi minane ameelekeza kiti chake mlangoni. Cherehani yake ilishika vumbi. Kila kishindo cha kiatu alisimama. Alikuwa akiuliza kila mtu swali moja, kama mumewe kweli alikuwamo ndani ya lori lile, na kila mtu alimwambia, nenda kamwulize Sikio, yeye ndiye aliyewasindikiza. Na Sikio alimwambia: "Nilimwona kwa macho yangu akipanda." Hakumwona. Aliondoka uani kwa bendi nusu saa kabla lori halijajaa, kwa sababu mvua ilianza. Aliliona begi la gitaa limeegemea ukuta, akajua mwenyewe hayuko mbali. Alisema aliyoyasema kwa huruma, ili yule mwanamke ageuze kiti chake. Na aligeuza. Miaka mitatu baada ya ajali walioana, na kama huruma ile ilikuwa imechanganyika na kitu kingine tangu mwanzo, Sikio hakutaka kulifungua bamba hilo.

Kulikuwa na mstari wa mwisho. Ulianza hivi: Leo mtoto amezaliwa, tumemwita. Halafu jina, na chini yake maneno madogo zaidi, mistari miwili ya kubana, na kitu kama mji.

Hofu ndiyo iliyofanya yote yaliyofuata, tusimtafutie visingizio. Aliona neno mtoto, na macho yake yakagoma kwenda mbele. Alimwona mkewe anaisoma ile mistari kwa miwani yake ya kushonea. Alimwona akihesabu miezi, akigundua kwamba siku aliyokuwa akikubali kuolewa tena mumewe alikuwa anapakata mtoto wa mwanamke mwingine. Alimwona akiinua uso na kumtazama yeye, aliyeona kwa macho yake. Mkono ulitangulia akili. Raba ilipita mara moja juu ya mstari wa mwisho, ikarudi, ikapita ya Desemba 93, ikapita ya Machi 92.

Raba peke yake haitoshi, na Sikio alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Penseli huacha mfereji. Ukimulika taa ubavuni, maneno yaliyofutwa husimama tena kama hayajaguswa. Akachukua msasa laini, akausugua ule upande wa chini wa bamba polepole kwa maji, kisha akachukua laini zaidi. Plastiki ikawa nyeupe mno pale. Akachovya kitambaa kwenye chai ya rangi, akapaka, akasubiri, akapaka tena, mpaka weupe ukachakaa ukafanana na jirani zake. Hiyo ndiyo mbinu ya matapeli aliyokuwa akiwacheka kwa miaka arobaini. Alipomaliza, kazi ilikuwa safi kiasi kwamba hata yeye angedanganyika.

Binti alirudi kabla ya muda, jasho usoni.

"Ni lake," Sikio alisema. "Halali, la kiwandani, sabini na mbili. Hakuna cha bandia."

Binti aliketi kwenye kigoda kile kile cha utotoni. "Na mto?"

"Halikuingia mtoni. Nafikiri aliliuza kabla ya safari, akaazima jingine. Siku zile bendi ilikuwa na njaa sana."

"Aliuza gitaa lake." Alitikisa kichwa, na machozi yakamtoka kimya kimya, machozi ya mtu aliyetua mzigo. "Maskini. Na hakumwambia Mama, aliona aibu." Akajipangusa kwa mgongo wa mkono. "Naweza kuona mwandiko wake? Sina hata herufi moja ya mkono wake, unajua?"

Sikio akampa bamba. Binti alisoma kwa sauti, akafika kwenye ile skrubu moja, akacheka huku analia, na Sikio akacheka naye. Kwa dakika kadhaa ndani ya kibanda kile kulikuwa na furaha ya kweli, na Sikio aliamini kwamba Mungu amemwonea huruma. Huyu alimpata baba yake. Mkewe angelipata gitaa. Nani ameumia?

Lakini fundi ni fundi. Binti alitoa lenzi yake mfukoni, ile anayotazamia simu, akainama juu ya matumbo ya gitaa kwa mazoea tu, kama vile mshonaji anavyopapasa pindo la nguo ya mtu.

"Baba, hii voliumu uliisoma?"

"Niliisoma ya toni. Ni ya kiwandani."

"Nasema ya voliumu. Namba zimegeukia ndani." Aliisogeza kwa ncha ya kibano. Nyuma ya kila voliumu, kile kisahani cha chuma chini ya kitufe cha sauti, hupigwa muhuri wa tarakimu saba. Tatu za mwanzo ni za kiwanda, mbili zinazofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Sikio ndiye aliyemfundisha kuzisoma, pamoja na kanuni kwamba usisome moja ukaridhika. "Tisini na tatu," binti alisema. "Wiki ya arobaini."

"Itakuwa waliibadilisha huko lilikokwenda."

"Itakuwa." Hakuinua kichwa. "Na huko lilikokwenda nao ni mashoto? Tazama waya ulivyosokotwa kabla ya kulehemiwa. Mizunguko mitatu, kinyumenyume. Halafu tazama huu wa soketi, aliosema amelehemu mwenyewe themanini na nane. Ni mkono mmoja, Baba."

Sikio hakutazama. Alikuwa anajua. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakujua kwamba inaweza kuishia mezani pake mwenyewe, saa sita na dakika arobaini mchana, jua linawaka.

"Alikuwa hai tisini na tatu," binti alisema taratibu, kama anayejifundisha kusoma. Kisha akasema, "Mbona hakuandika? Skrubu moja ameandika. Voliumu nzima asiandike?"

Akalichukua bamba tena. Akaligeuza, akalipeleka puani.

"Chai," alisema.

Binti aliwasha taa ya simu yake, akailaza ubavuni mwa bamba, akaweka lenzi. Alitafuta mfereji wa penseli kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, chini ya Mei 90 hadi ukingoni. Alitafuta muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya kazi, sauti ambayo mafundi huulizana:

"Msasa namba ngapi?"

"Mia nane. Kisha elfu moja na mia mbili."

"Na maji?"

"Na maji."

Alizima taa. Hakupiga kelele, na Sikio angempa kila alichonacho apige kelele. "Niambie kilichokuwa kimeandikwa. Chote, kama kilivyokuwa."

Akamwambia. Machi 92, nyuzi. Desemba 93, voliumu, na ule mzaha wa kuchapwa. Akamwambia na la uani, kwamba hakumwona mtu yeyote akipanda lori lolote. Hilo halikuulizwa, lakini lilitoka pamoja na mengine.

"Ndiyo yote?"

"Kulikuwa na mstari mmoja tena." Alitazama mikono yake. "Leo mtoto amezaliwa, tumemwita."

"Tumemwita nani?"

Nje mtu alikuwa anabishana na mwenye mkokoteni kuhusu kupita.

"Tumemwita nani, Baba?"

"Sikusoma."

"Umefuta kitu ambacho hujasoma?"

"Niliona neno mtoto. Mkono ulikuwa umeshafika."

"Na mji? Aliandika yuko wapi?"

"Kulikuwa na maneno madogo. Nadhani mji ulikuwepo." Akaongeza, kwa sababu sasa kusema kweli kulikuwa kumechelewa kiasi kwamba hakukugharimu chochote, "Ningesoma ningekuwa ninakumbuka. Mimi sisahau niliyoyasoma kwenye bamba."

Binti alikaa. Kontena lilikuwa limetoka popote duniani, wale wa mitumba hawakujua bandari, achilia mbali nyumba. Kulikuwa na mtu mahali fulani, ndugu yake wa damu, mwenye miaka ishirini na kitu, na jina lake lilikuwa limekaa nyuma ya plastiki ile miaka yote, likavuka maji, likaja mpaka juu ya meza hii salama. Na baba yake, kama bado anapumua, alikuwa na mji. Vyote viwili vilikuwa unga mweupe kwenye kitambaa chenye harufu ya chai.

"Labda ukilisikia utalijua," alisema. "Jicho linaona hata usiposoma. Lilikuwa refu?"

"Sijui, mwanangu."

"La kike au la kiume?"

"Sijui."

Akaanza kutaja majina. Alianza na ya kike, moja moja, akisimama baada ya kila moja na kumtazama usoni, na Sikio alitikisa kichwa. Akataja ya bibi yake, ya shangazi zake, ya wanawake waliokuwa wakiimba na bendi. Akahamia ya kiume. Sikio alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi, alifumba macho akaliita lile bamba lirudi, na kila mara lilirudi likiwa jeupe. Alishaelewa kwamba hata binti akilitaja lenyewe atalitikisia kichwa kama mengine, lakini hakuwa na moyo wa kumwambia aache. Binti naye alielewa, ilionekana, na hakuacha. Aliendelea kutaja, sauti imepwaya, kama mwalimu anayeita wanafunzi wasiokuja.

Ilikuwa saa saba. Mlango uliofungwa nusu ulisukumwa kwa kiwiko, na mkewe akaingia na kikapu cha chakula cha mchana, miwani ya kushonea imepanda juu ya kichwa, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alisimama kizingitini akisikiliza majina mawili matatu, uso umekunjuka.

"Haya, nani huyo kajifungua na mimi sijaambiwa?" aliuliza.

Aliweka kikapu sakafuni, akatoa sahani mbili, akatafuta mahali pa kuziweka. Ndipo akatazama mezani.